KUTAFUTA MABABU WALIOANZA MJI WA FRERETOWN

Haya ni mazungumzo ya mfasiri mmoja wa Serikali, aliyoyatoa Mombasa mbele ya wazee, walimu na vijana.



Niliombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulitaja kwa mdomo, lakini wachache hulitia mkono, nalo ni kuitafuta asili ya jamaa. Mrabai akiulizwa asili yake atakutajia mbari yake na kaya walikotoka wazee wake. Mjaluo ataanza kuhesabu baba wa baba, na babu wa baba, mpaka usingizi ukushike. Lakini sisi watoto wa Freretown tukiulizwa, hutaja kanisa tulikobatizwa, kisha hunyamaza. Mwenye kuuliza akikazana, mmoja wetu atasema, "Wazee wetu walitoka Bombay," na maneno huishia hapo. Leo nataka tuufungue mlango huo tuliouegemea kwa muda mrefu.

Yafaa kwanza tuukumbuke mwanzo wa mji wenyewe, maana asiyejua jinsi watu walivyofika hawezi kujua yupi ni babu yake. Katika mwaka wa 1872 Serikali ya Kiingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyekuwa zamani Gavana wa Bombay, aende Unguja kumshawishi Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko ni jambo moja, na kujua la kufanya na watu waliokamatwa katika majahazi ni jambo jingine. Manowari London ilitia nanga Unguja tangu mwaka wa 1874, na mashua zake zilikuwa zikizunguka usiku na mchana kuyavizia majahazi. Watu waliookolewa hawakuweza kurudishwa makwao, kwa kuwa njia ya kurudi ndiyo njia ile ile ya wawindaji wao. Kwa sababu hiyo chama cha misheni cha C.M.S. kilimleta Padre W. S. Price, naye katika mwaka wa 1875 akanunua ardhi upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akaupa mahali hapo jina la yule Sir Bartle Frere. Kengele iliyowaita watu kazini na kanisani, na kuwaonya wakati wa hatari, ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, ambalo kila makanga wa matatu hulitamka hata leo pasipo kufikiri.

Basi hao ndio waanzilishi. Watu wakisema "waanzilishi" mara nyingi huwaza watu waliofunga mizigo kwa hiari yao, wakaaga jamaa zao, wakaenda kutafuta nchi mpya. Wetu hawakuaga mtu. Wengine walikuwa watoto wadogo mno hata hawakujua jina la mto wa kwao. Hata hivyo walifyeka msitu, walijenga nyumba za mawe na makuti, walilima mihogo, walijifunza useremala na uashi, wakaoana, wakazaa. Ikiwa huo si uanzilishi, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jamaa nyingi hupotea njia. Wakazi wa mwanzo hawakuwa wa namna moja, bali namna tatu.

Wa kwanza ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao waliokolewa baharini miaka mingi kabla ya Freretown kuwapo, wakapelekwa Bara Hindi, na wengi wakasomeshwa katika shule ya misheni iliyokuwa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Huko walijifunza kusoma, Kiingereza, na kazi za mikono. William Jones, Ishmael Semler na George David walirudi pwani yetu mwaka wa 1864, wakafanya kazi Rabai, miaka kumi na mmoja kabla ya Freretown kuanza. Kutoka shule hiyo hiyo walikwenda pia Jacob Wainwright na wenzake, wakamkuta Dakta Livingstone ndani ya bara, na alipokufa tarehe 1 Mei 1873 walikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake mpaka pwani. Wainwright aliufuata mwili huo mpaka Uingereza, naye alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza lilipoingizwa katika kanisa la Westminster mwaka wa 1874. Mwenzake, Matthew Wellington, ambaye kwao Uyao aliitwa Chengwimbe, aliishi Mombasa mpaka uzee mkubwa akafa mwaka wa 1935. Katika mwaka wa 1885 Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliosalia kurudi Rabai, wakichukua bendera iliyoandikwa neno moja la Biblia, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka.

Wa pili ni wale walioitwa mateka. Hao walitolewa majahazini na manowari, wakaletwa moja kwa moja Freretown tangu mwaka wa 1875. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, Wazaramo na wengine. Hawakujua Kiingereza, na wengi hawakujua Kiswahili vilevile. Hao ndio waliokuwa wengi.

Wa tatu ni watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya mabwana zao wa pwani wakaenda kukaa Rabai, Fuladoyo na kwingineko. Mabwana zao walipowadai kwa hasira katika mwaka wa 1888, damu ilikaribia kumwagika. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki akakubali kuwalipa wenyewe fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889 hati za uhuru zilitolewa huko Rabai kwa watu zaidi ya 1,400.

Kati ya namna hizi tatu kulikuwa na vyeo, wala tusifiche. Wabombay walivaa suruali na koti, walifundisha, waliandika barua, nao waliwatazama mateka kama watu wa msituni. Mateka nao waliwaona watoro kuwa watu wa kuleta fitina. Ndiyo sababu leo ukitembea nyumba kwa nyumba utaambiwa kwamba kila babu alitoka Bombay. Kama maneno hayo yangalikuwa kweli, shule ile ya Sharanpur ingalikuwa kubwa kuliko mji wa Nasik wenyewe.

Je, mtu atajuaje ukweli? Hapa ndipo daftari la ubatizo linapofaa. Wabombay walibatizwa Bara Hindi. Kwa hiyo ukimkuta babu yako ameandikwa katika daftari la Freretown kwamba alibatizwa hapo akiwa mtu mzima, jua ya kuwa hakutoka katika shule ya Nasik, hata kama picha yake inamwonyesha amevaa tai. Vivyo hivyo, mateka waliotolewa majahazini walikwisha kuwa watu huru kwa hukumu iliyotolewa Unguja, hawakuhitaji kukombolewa na Mackenzie. Basi ikiwa katika sanduku la bibi yako imo hati ya Rabai ya mwaka 1889, jamaa yako ni ya watoro, nami ningekuwa mahali pako ningeitia hati hiyo katika kioo na kuitundika sebuleni. Mtu aliyeokolewa na manowari alifunguliwa na wengine. Mtoro alijifungua mwenyewe, kwa miguu yake, usiku.

Jambo la pili ni majina. Mzungu akisikia jina la Jones hufikiri ukoo. Kwetu sivyo. Watoto wengi walipewa majina ya mapadre, ya wafadhili waliotuma fedha kutoka Ulaya, au ya watu mashuhuri wa Uingereza. Hivyo watu wawili wenye jina moja la nyuma huenda hawana damu moja hata tone, na ndugu wawili wa tumbo moja huenda wakawa na majina mawili mbalimbali kwa kuwa walibatizwa na mapadre wawili. Usiiunganishe jamaa kwa jina peke yake. Tafuta jina la mke, tafuta mashahidi wa ndoa, tafuta wadhamini wa watoto wakati wa ubatizo. Mateka walipokosa ndugu wa damu walijifanyia ndugu wa jahazi, na wadhamini wale mara nyingi ni watu waliofungwa katika jahazi moja.

Jambo la tatu ni kabila. Karani aliyeandika "Mnyasa" alikuwa akiandika alichosikia. Eneo la Nyasa lina makabila mengi, na mtoto aliyetekwa akiwa na miaka sita angeweza kusema tu kwamba alitoka kwenye ziwa. Mwingine alisema ametoka Kilwa kwa sababu Kilwa ndiko alikopakiwa chomboni, kumbe kwao ni safari ya mwezi mzima kutoka huko. Neno la kabila katika daftari lishike kama fimbo ya kutembelea, usilishike kama nguzo ya nyumba.

Mtaniuliza, wewe mwenyewe umefanya hayo? Nimeyafanya. Kwetu tuliambiwa siku zote kwamba babu wa babu yangu alikuja kutoka Bombay pamoja na mapadre. Nilipolisoma daftari nilimkuta: mtu mzima, Myao, amebatizwa Freretown. Mstari mmoja tu wa wino. Nilipomweleza ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wa jamaa, hakusema nami kwa majuma matatu. Siku ya nne ya juma la nne alinipigia simu akaniuliza swali moja: "Na mkewe?" Mkewe ameandikwa kwa jina la ubatizo, na mahali pa kabila karani ameacha wazi. Hapo ndipo tulipofika mimi na ami, na mahali hapo patupu ndipo tunapoendelea kupatafuta sote wawili.

Naelewa kwa nini alikasirika. Neno "mtumwa" lilitumika pwani hii kama mjeledi muda mrefu baada ya utumwa wenyewe kukomeshwa kwa sheria mwaka wa 1907. Watu waliulizwa, "Kabila lako lipi?" mbele ya meza za maofisa na mbele ya wakwe, na asiye na jibu alionekana kama mgeni katika nchi aliyozaliwa. Mzee aliyeficha habari zake aliwahifadhi watoto wake, simlaumu. Lakini James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mateka, hakuficha. Aliandika kitabu kizima, Uhuru wa Watumwa, kikachapwa mwaka wa 1934, naye akaeleza habari za watu wake kwa Kiswahili safi kinachosomwa hata sasa. Jina hilo la Mbotela halikufifia kwa kutangazwa. Wananchi wa Kenya walilisikia katika redio kwa miaka mingi kwa kinywa cha Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, aliyefariki mwaka wa 2025.

Kitabu hicho kisomeni, ila kisomeni kwa macho mawili. Mwandishi aliwashukuru sana Waingereza, na shukrani hiyo ina sababu yake. Lakini maisha ya Freretown hayakuwa maziwa na asali. Katika miaka ya kwanza ya 1880 wakazi walichapwa viboko na kufungwa na wasimamizi wa misheni, mpaka habari zikafika London na Padre Price akarudishwa kuja kutengeneza mambo. Anayetafuta asili yake na ayatafute hayo pia, asichague tamu akaacha chungu.

Sasa niseme juu ya mahali pa kutafuta. Anzeni na wazee walio hai, wala msiende na orodha ya maswali kama karani wa kodi. Mwulize bibi alikuwa akiimbiwa nini alipokuwa mtoto; maneno mawili ya Kiyao katika wimbo wa kulaza yana thamani kuliko hotuba. Kisha angalieni makaburi, Freretown na Rabai. Kisha madaftari ya kanisa, kwa ruhusa ya padre, na kwa mikono iliyonawa. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa. Barua za wamisionari wa C.M.S. zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na karatasi za kukamatwa kwa majahazi zimo katika hazina ya nyaraka za Uingereza huko Kew, London. Hizo za Kew mara nyingi huhesabu tu: wanaume kadha, wanawake kadha, watoto kadha. Msivunjike moyo mkikuta hesabu pasipo majina, kwa maana tarehe ya jahazi ikilinganishwa na tarehe ya ubatizo hupunguza sana uwanja wa kutafuta.

Na mkiandika, andikeni pia ni nani aliyewaambia, na siku aliyowaambia. Nimeona daftari moja zuri la jamaa, limejaa majina kurasa kumi na mbili, na hakuna anayejua tena yametoka kwa nani.

Nimekuja na nakala za kurasa nne za daftari, za miaka ile ya kwanza. Mwandiko wake ni wa kizamani, herufi zimelala kama majani baada ya mvua, na mtu asiyeuzoea huona shida. Nitakaa katika chumba cha nyuma mpaka saa kumi na mbili. Mwenye jina la kutafuta na aje tulitafute pamoja.