Mzigo wa Msafiri

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Injili: Luka 10:25-37



Injili ya Dominika ya leo inatutoa nyumbani na kutuweka njiani. Njia yenyewe ni ile iteremkayo kutoka Yerusalemu hadi Yeriko, mwendo wa kilometa zipatazo 27, nayo hushuka karibu mita 1,000 kati ya miamba na makorongo. Ilikuwa njia ya wafanyabiashara na mahujaji, na kwa sababu hiyo ilikuwa pia njia ya wanyang'anyi. Bwana wetu alipoanza kusema habari za mtu aliyevamiwa humo, hakuna msikilizaji aliyeshangaa. Wote walizifahamu hatari za njia ile.

Nasi tunazo njia zetu za Yeriko. Hapa Kengeja, na Pemba nzima, watu wengi huishi kwa kusafiri. Kusi likishatulia na kaskazi kuanza kuvuma, wavuvi wetu hufunga safari kwenda dago. Wakojani ndio wanaosifika zaidi kwa safari hizo, lakini si wao peke yao. Huchukua nyavu, sufuria, mikeka na unga, wakavuka hadi Tanga, au hata pwani ya Kenya, Vanga, Shimoni na kwingineko. Huko hupiga kambi majuma mengi chini ya makuti. Tunaweza kusema kwamba nyumba yao husafiri pamoja nao. Mwenye nyumba isiyo na mlango wala komeo hulala jicho moja likiwa wazi.

Tumeulizwa swali na baba mmoja wa huku, mmoja wa Wakristo wachache waishio kusini ya Pemba, ambaye huenda dago pamoja na jirani zake Waislamu. Msimu ujao atawachukua wanawe wawili. Amesikia habari za mashine za boti zinazoibwa usiku, na za watu waliopigwa walipojaribu kuwazuia wezi. Anafikiri kuomba kibali cha bastola. Anauliza: “Padre, je, ni dhambi kusafiri na silaha? Na kama si dhambi, je, ni vema?”

Ni maswali mawili, nayo hayana jibu moja. Tena si ya mvuvi peke yake. Huyo aendeshaye lori kutoka Dar es Salaam kwenda Kongo na kulala ndani yake anayo maswali hayo. Huko Marekani wako wazee waliostaafu wanaozunguka nchi katika magari yaliyo nyumba, yenye kitanda na jiko, nao hubishana juu ya jambo hilo hilo kila waegeshapo mahali pageni. Basi, tulitazame pamoja katika mwanga wa imani.

Kwanza, je, ni dhambi? Kanisa halifundishi kwamba mtu akivamiwa imempasa kunyosha shingo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika nambari 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba kuilinda nafsi yako ni haki. Aidha, kwa yule aliyekabidhiwa maisha ya wengine, kuwalinda kwaweza kuwa wajibu mzito. Baba wa watoto wawili ni mtu wa namna hiyo. Askari na walinzi mnaotusikiliza asubuhi hii nanyi mko katika wajibu huo, wala silaha mnayoichukua kwa kiapo na kwa sheria haiwatengi na Meza ya Bwana.

Hata hivyo, haki hiyo ina mipaka. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba anayejitetea hukusudia kuokoa uhai wake, si kuutoa uhai wa mwenzake. Na akitumia nguvu kupita inavyohitajika, kujitetea kwake hugeuka kuwa kosa. Na zamani zaidi, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Torati inatofautisha. Mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba na kufa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, ana hatia. Kwa nini? Gizani mwenye nyumba hajui kama aliyeingia ametaka mali au roho. Mchana anaona, na akiona ya kuwa ni mali tu inayotakiwa, hana ruhusa ya kuua kwa ajili yake.

Ndugu yetu, shika neno hili, maana linakugusa. Unaogopa kuibiwa mashine. Mashine ya boti ni ghali, tunajua. Ni chakula cha nyumba na karo ya watoto. Lakini hununuliwa tena, hata kama ni kwa kukopa na kwa machozi. Kijana aliyeiiba hanunuliwi tena. Basi, kama bastola ni kwa ajili ya mashine, jibu limekwisha kupatikana: hapana.

Lakini yawezekana unaogopa kwa ajili ya wanao. Hapo tunafika kwenye swali la pili: je, ni vema?

Maandiko yanatupa wasafiri wawili walioshika njia moja. Ezra alipoondoka Babeli kwenda Yerusalemu, akiwa na familia, watoto, fedha na dhahabu, aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumshuhudia kwamba mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Akatangaza mfungo, wakasali, wakaenda, wakafika salama (Ezra 8). Miaka kadhaa baadaye Nehemia alikwenda Yerusalemu, naye akasindikizwa na maofisa wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme (Neh 2). Naye alifika salama. Maandiko hayamlaumu Ezra kwa upumbavu, wala hayamlaumu Nehemia kwa uhaba wa imani. Hivyo asitokee mtu kati yetu akamhukumu jirani yake, ama kwa kuchukua ulinzi ama kwa kuukataa. Lakini angalieni: ulinzi wa Nehemia ulitoka kwa mwenye mamlaka, haukufichwa kiunoni.

Halafu tunaye Petro. Watu wengi hupenda kutaja panga mbili zilizokuwapo usiku wa Karamu ya Mwisho (Lk 22:38). Sawa, na tuzitaje, lakini tuendelee kusoma hadi mwisho. Petro aliutumia upanga usiku ule ule. Je, alimpata nani? Hakumpata Yuda, hakumpata Kayafa, hakumpata jemadari. Alilikata sikio la Malko, mtumishi aliyetumwa. Ndivyo zilivyo silaha za hofu: usiku, katika purukushani, hazichagui. Yesu akaliponya sikio lile, akamwamuru Petro aurudishe upanga mahali pake. Tena, kabla jogoo hajawika, Petro yule yule, aliyekuwa na ujasiri upanga ukiwa mkononi, alitetemeka mbele ya kijakazi. Upanga haukumwachia ujasiri wowote moyoni.

Sasa tushuke hadi kwenye kambi ya dago. Bastola hiyo italala wapi? Kambini hakuna kasha la chuma wala mlango. Itakuwa chini ya mto, karibu na vijana wawili na mabaharia wengine. Mwizi ambaye jana alitaka mashine, kesho ataitaka bastola kwanza. Na ukivuka mpaka kuingia Kenya, kibali cha Tanzania hakikusaidii kitu. Utahesabiwa kuwa mtu aliyeingiza silaha kinyume cha sheria, na wanao watabaki ufukweni bila baba. Mlinzi atakuwa amegeuka chanzo cha hatari.

Mtasema: Padre anasema hayo kwa kuwa hajui ukatili. La hasha. Zanzibar tumekwisha kulia. Siku ya Krismasi ya mwaka 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013, siku ya Dominika, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kanisani kuadhimisha Misa. Ndugu zetu Waislamu nao hawakusalimika: Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku zile swali la baba huyu lilikuwa swali la mapadre na masheikh pia. Hata hivyo, makanisa hayakufungwa, wala misikiti haikufungwa, na kengele na adhana vimeendelea kusikika.

Tutazame pia njia ya Mandera, kaskazini mwa Kenya. Novemba 2014 wauaji walisimamisha basi, wakawatenga abiria kwa dini zao, wakawaua 28 wasiokuwa Waislamu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka abiria watengwe tena. Lakini safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafa Januari 2016 hospitalini Nairobi. Hatusemi kwamba mema hushinda kila mara kwa siku moja. Wale 28 wa mwaka 2014 wanatukataza kusema hivyo. Tunasema tu kwamba mbele ya bunduki nyingi bastola moja isingeliokoa basi lile. Lililoliokoa ni kwamba abiria walikubali kuwa jirani.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye Injili yetu. Bwana hakutuambia kama Msamaria alikuwa na upanga. Ametuambia alichokuwa nacho: mafuta, divai, mnyama wa kupanda, na dinari mbili. Huo ndio mzigo uliotajwa. Aliipita njia ile ile ya wanyang'anyi, na yule aliyelala chini angeweza kuwa mtego. Yawezekana kuhani na Mlawi walipita upande wa pili kwa kuhofia mtego huo. Ubaya wa hofu, wapendwa, ni kwamba hutugeuza macho: kila mgeni huonekana adui, na kila anayeomba msaada huonekana mwizi. Silaha mara nyingi huyakaza macho hayo. Basi kila msafiri ajiulize: mzigo huu ninaouchukua, je, utanisaidia kusimama karibu na aliyeanguka, au utanipitisha upande wa pili?

Nani basi atawalinda wanao? Katika mchezo wetu wa ng'ombe hapa Pemba, mchezaji huingia uwanjani na kitambaa, hana mkuki, na ng'ombe hauawi. Usalama wake uko katika macho yake, miguu yake, na wenzake walioishika kamba. Vivyo hivyo na wewe. Usisafiri peke yako, boti ziongozane. Kabla ya kuondoka mwarifu sheha wako; ukifika, jitambulishe kwa wazee wa kijiji, kwa kamati ya wavuvi na kwa polisi, maana mgeni anayejulikana ana ulinzi ambao mgeni aliyejificha hana. Fedha za mauzo usizilaze kambini. Zitume nyumbani kwa simu. Andika namba ya mashine yako, na usiku ifungue, uilaze katikati ya watu. Pangeni zamu za kukesha, kama Nehemia alivyowapanga wajenzi wa ukuta. Na wezi wakija wengi wenye silaha, waache wachukue. Wafundishe wanao mapema kwamba hiyo si aibu. Aibu ni kumrudishia mama maiti kwa ajili ya mashine.

Makatekista, mkiulizwa jambo hili vijijini, msijibu kwa neno moja. Msiseme “ni dhambi” pale ambapo Kanisa halikusema, wala msiseme “inaruhusiwa” mkaishia hapo. Muulizeni mtu anaogopa nini, anamlinda nani, na sheria inasemaje. Kisha msali pamoja naye.

Nasi tumwombe Mungu kwa ajili ya wote watakaolala njiani usiku huu: mvuvi kambini, dereva katika lori, askari katika doria, na yule mwizi pia, ili ageuke kabla mkono wake haujamwaga damu. Bwana, tujalie wasafiri wenye busara na moyo usiopita upande wa pili. Ulinde kuondoka kwetu na kurudi kwetu, na usiku wa leo utufanye jirani wa yule utakayemweka njiani mwetu.

Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.