Ada ya Vyuo na Haki ya Mwenye Kutafuta Elimu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Wazee wa Upare wangali wakihadithia habari za mbiru. Mwaka 1945 watu waliteremka kutoka milimani wakakaa hapa Same, penye boma la Mwingereza. Hawakukataa kodi ya kichwa. Walichokataa ni kukadiriwa mali zao, mtu asijue atadaiwa ngapi. Tunaikumbuka habari hiyo kila tunapoona barua ya chuo mkononi mwa mzazi.

Mkulima wa Mamba aliuza tangawizi, akamsomesha kifungua mimba. Sasa ni zamu ya mdogo wake, na ada si ile. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kiliamua mwaka 2018 kuongeza ada kwa asilimia 15 kila mwaka, na mwaka 2019 wanafunzi wakaandamana. Tufanye hesabu: shilingi milioni moja ikipanda hivyo mara nne hukaribia milioni moja na robo tatu. Tangawizi haipandi bei kwa kumhurumia mzazi. Hapo huuzwa ng'ombe, au binti huambiwa abaki nyumbani.

Kwetu kuna Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo ni msaada mkubwa, lakini ni deni, na aliyekopa alipe. Surat Al-Baqara, aya ya 280, yatuamrisha kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Ndiyo maana tulifurahi mwaka 2021 Serikali ilipoondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilikuza deni la wanafunzi.

Hatusemi vyuo viendeshwe bure, kwani mwalimu naye ana watoto. Tunasema vyuo vya umma viweke kikomo: ada anayoingia nayo mwanafunzi iwe ndiyo atakayomalizia, na nyongeza kwa wajao itangazwe mapema, mzazi apate kujiandaa.

Nasi tusiwe watu wa kudai tu. Ndiva za milima hii zilichimbwa kwa msaragambo, wala hapana aliyengoja fungu kutoka mjini. Jamaa wanaochangia walima wa siku tatu (nasi tumekula pilau hiyo) hawashindwi kumchangia mwanafunzi mmoja. Baada ya sala, wazee wa kila mtaa wabaki msikitini, tuwaandike vijana waliopata nafasi wakakosa ada.

Ewe Mola, warahisishie njia watafutao elimu. Amin.