Kifafa Darasani: Mtoto Abaki Shuleni



Karibu mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, Tanzania ya leo. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoanguka mekoni watu waliogopa kuwagusa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kifafa kingi cha Mahenge kinafuatana na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wa mitoni. Kwingineko chanzo huwa malaria iliyopanda kichwani, uzazi wa shida, ajali ya kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Povu la mgonjwa halimwambukizi mtu kifafa, na hofu ya kuambukizwa ndiyo ninayotaka tuing'oe shuleni.

Mtoto akianguka darasani, mwalimu atazame saa. Asogeze madawati, aweke sweta chini ya kichwa, alegeze tai, na mtikisiko ukipungua amlaze mtoto ubavu. Asimkandamize, wala asimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Kisha kuna jambo ambalo miongozo hulipita haraka mno. Mtoto huzinduka amechoka, hajui kilichotokea, na pengine amejikojolea mbele ya wenzake. Naamini aibu hiyo huwaondoa watoto shuleni zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Khanga ya kumfunika na sare ya akiba ofisini si gharama kubwa. Na wanafunzi waelezwe mapema, kabla ya siku hiyo, kwa lugha nyepesi, mzazi na mtoto wakiridhia.

Kuna kifafa kingine kisichoangusha mtu. Mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, kisha anaendelea kama kawaida. Fungueni daftari lake la imla: sentensi inaanza vizuri, maneno matatu hayapo, halafu inaendelea hadi nukta. Mtoto huyu huchapwa akidhaniwa mzembe. Inaniuma sana, kwa sababu daftari lile lilikuwa linatueleza ugonjwa wake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakipata tiba sahihi. Lakini dawa hutaka saa zake. Katika shule ya bweni, matroni ahakikishe kila kidonge kimemezwa, maana kuacha dawa ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika. Dawa ya fenobabitali nayo huweza kumsinzisha mtoto. Akisinzia darasani, mzazi aambiwe ili daktari apime upya dozi. Michezo aruhusiwe. Kuogelea kuwe na mtu mzima kando yake.

Daktari wa kliniki humwona mtoto akiwa mzima, na mama mara nyingi huwa shambani mtoto anapoanguka. Aliyeshuhudia ni mwalimu. Basi aandike barua fupi: tarehe, saa, dakika zilizopita, mkono upi ulianza kutikisika, macho yalielekea wapi, alizinduka vipi. Ampe mama aende nayo kliniki.