Mafindo Yasiyolingana na Koo Lisilopoa: Mada kwa Watumishi wa Afya wa Butembo na Beni



Mada niliyokabidhiwa ni ndogo kwa umbo, kwani yahusu tezi mbili zilizokaa pande mbili za koo, nyuma ya ulimi. Walakini hofu itokanayo nazo ni kubwa, na fedha zipoteazo kwa ajili ya hofu hiyo si haba. Mtu ambaye koo lamkereketa muda mrefu huchukua kioo, akasogea penye mwanga, akaona findo moja limezidi mwenzake, na tangu saa hiyo hana raha: mmoja hukimbilia famasi kununua antibiotiki, mwingine humwendea mganga wa kienyeji, na wa tatu hukata shauri moyoni kwamba ameshikwa na saratani. Kusudi langu ni kubainisha kwamba tofauti ya ukubwa peke yake si maradhi, na kwamba hukumu yapasa itokane na muda uliopita pamoja na dalili zilizoandamana na tofauti hiyo.

1. Sababu za mafindo kutolingana

Mafindo ni katika tezi ambazo kwazo mwili huvitambua vijidudu viingiavyo kinywani na puani. Hukua utotoni, kisha husinyaa kadiri mtu anavyoelekea utu uzima. Kila findo limekaa katika shimo lake, na kwa kuwa mashimo hayo aghalabu hayalingani kina, findo lililokaa juu juu huonekana kubwa kuliko lililozama, ingawa yakitolewa na kupimwa huenda yakawa sawasawa. Fauka ya hayo, makovu ya maradhi ya zamani na vijiwe vyeupe vyenye harufu mbaya hulifanya findo moja livimbe kuliko la pili.

Jinsi jicho linavyoweza kumhadaa hata tabibu ilidhihirika New York mwaka 1934, pale watoto 1,000 wa shule walipochunguzwa. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kukatwa mafindo. Waliobaki 389 walipopelekwa kwa waganga, 174 waliambiwa wakatwe. Wale 215 walioonekana wazima walipopelekwa kwa waganga wengine, 99 wakaambiwa vivyo hivyo. Na wale 116 waliosalia walipopelekwa mara ya tatu, karibu nusu yao nao wakahukumiwa kisu. Mafindo yalikuwa yale yale, ila macho ndiyo yaliyobadilika.

2. Koo lisilopoa

Koo linaloumwa majuma kadhaa bila homa mara nyingi halina kijidudu cha kuuawa kwa antibiotiki. Moshi wa kuni na makaa jikoni, vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, tumbaku, pombe kali, kamasi ziteremkazo nyuma ya pua, na tindikali ya tumboni ipandayo usiku, kila kimoja chatosha kulikera koo hata likawa jekundu. Mwenye utando mweupe kinywani usiokwisha, na mwenye tezi zilizovimba shingoni na kwapani, ashauriwe kwa upole apime virusi vya UKIMWI. Na mwenye kikohozi cha muda mrefu na jasho la usiku apimwe kifua kikuu.

Kinyume cha hayo, koo liumalo ghafula pamoja na homa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, bila kikohozi wala mafua, lisidharauliwe kamwe, kwani streptokoki yaweza kuleta baada ya majuma 2 au 3 homa ya viungo iharibuyo vali za moyo. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, madhara hayo huzuilika. Nayo ni dawa ya bei nafuu kuliko safari ya kupeleka moyo mbovu Kampala.

3. Kumbukumbu ya Ebola

Katika nchi hii ya Kongo koo lina historia yake. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, maradhi ya Ebola yalipotangazwa kutoka Mangina, hadi tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki, na Beni, Katwa na Butembo zilikuwa miongoni mwa mahali palipopata msiba mkubwa. Kwa kuwa maumivu ya koo ni katika dalili za mwanzo za ugonjwa ule, wako waliojificha wasije wakapelekwa kituoni, na wako wauguzi waliojifunza kumwuliza mgonjwa kwa mbali. Hadhari ile ilikuwa ya haki, na katika mlipuko yapasa irudi. Lakini wakati wa salama, muuguzi aliyenawa mikono na kuvaa barakoa na glavu hana udhuru wa kuandika dawa ya koo asilolitazama.

4. Kisu

Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu na pwani, kikohozi kisichokoma hudhaniwa chatoka kwenye kilimi, nacho hukatwa nyumbani kwa chombo kisichochemshwa. Tendo hilo huleta damu nyingi, usaha na pepopunda, wala halitibu koo.

Upasuaji wa hospitali nao una mipaka. Kipimo kilichozoeleka ni mafindo kuugua kweli kweli mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Damu yaweza kutoka siku ya kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati mgonjwa amekwisha kurudi kwao. Na kwa watu wa Oicha, Mbau au njia ya Kasindi, ambako tangu Oktoba 2014 mauaji yamefanya safari za usiku kuwa hatari, damu inayotoka usiku wa manane ni jambo la kupimwa kabla ya kisu kushikwa.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila mwenye malalamiko ya koo afumbuliwe kinywa kwa mwanga mzuri, shingo ipapaswe, na ukubwa wa kila findo uandikwe pamoja na tarehe.

Pili, asiye na dalili nyingine atulizwe, aambiwe kuepuka moshi, na aitwe tena baada ya majuma 3.

Tatu, apelekwe bila kukawia katika hospitali kuu ya rufaa yule ambaye findo lake moja lakua upesi, lina kidonda au latoa damu. Apelekwe vilevile mwenye uvimbe mgumu shingoni, sikio liumalo upande mmoja, taabu ya kumeza, au kukonda. Mtoto asisahauliwe, kwa maana saratani ya tezi aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958 hukua kwa kasi kubwa, na mara chache huanzia katika findo.

Nne, asiyeweza kufumbua kinywa, ambaye sauti yake imezibika na kilimi kimesukumwa upande, ana usaha nyuma ya findo. Huyo atibiwe siku hiyo hiyo.

Nawasihi basi, ndugu zangu, tusimpe mtu antibiotiki ili kuiponya hofu yake, wala tusimwache mwenye dalili za hatari eti koo ni jambo dogo. Taa, mikono safi na daftari la tarehe vyatosha kuwatenganisha wawili hao, navyo haviwezi kukosekana katika kituo chochote cha Butembo wala cha Beni.