Moto wa Ibada na Moto wa Jikoni



Katika hekalu hili tunauheshimu moto. Agni hupokea sadaka zetu, na taa za Diwali hutukumbusha kwamba nuru huishinda giza. Lakini moto wa ibada ni mdogo. Ule unaopika chakula cha mamia ya watu ndio unaomaliza miti na kuwajaza moshi vifuani wanaotupikia. Hatuli nyama kwa sababu ya ahimsa, yaani kutodhuru. Basi ahimsa hiyo isiishie kwenye sahani, ifike na mekoni.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Sisi tusingoje mwaka huo. Tuloweke dengu usiku kucha, tufunike masufuria, na tuuache mkaa kwa kutumia gesi na umeme. Ukumbini, taa ya LED ya wati 9 hutoa nuru inayokaribia ya balbu ya zamani ya wati 60. Fedha tutakazookoa kwenye umeme zisaidie kununua majiko.

Gharama ya kuanza ni kubwa, hatukatai. Ndiyo maana tunaomba michango ya maadhimisho haya ielekezwe huko. Na majirani wa dini zote, ambao moshi wetu huwaingilia bila hodi, tunawakaribisha tujifunze pamoja.