Anayoyajua Mama wa Nyumbani

Leo tunauliza: yale mwanamke anayoyapitia yana nafasi gani katika nadharia ya ufeministi?

Tuanze hapa Lanet. Mama anaamka alfajiri, anakama ng'ombe, anawatayarisha watoto waende shule, kisha anapalilia mahindi. Mshahara wa mume unanunua ploti, na hati miliki inatoka kwa jina la mume. Ukimwuliza mama huyu anafanya kazi gani, huenda akakujibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu."

Wafeministi walilichunguza jibu hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake wa New York walikutana kwa vikundi wakasimuliana maisha yao, kama akina mama wanavyozungumza kwenye chama. Kila mmoja alidhani shida ni yake na mumewe. Masimulizi yalipokusanywa, ikabainika kwamba jasho la mwanamke nyumbani halihesabiwi popote. Hapo uzoefu ukazaa nadharia.

Kenya, suala hili limefika mahakamani. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria ya kugawana mali ya ndoa, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuhesabu kazi za mke nyumbani kuwa mchango wa kupata mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikabadilisha mambo: kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia shamba sasa ni mchango. Hata hivyo, mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake. Basi aliyezoea kusema "niko nyumbani tu" atathibitisha nini? Ni lazima ajue kuisimulia kazi yake.

Lakini uzoefu wa mmoja hauwasemei wote. Mwaka 1984, bell hooks, mwandishi Mwafrika wa Marekani, aliwakosoa wafeministi waliowahimiza wake watoke wakaajiriwe bila kuuliza nani atabaki na watoto. Kwetu, mara nyingi anayebaki ni msichana wa kazi. Naye ana yake ya kusema, na nadharia isiyomsikiliza haijakamilika.

Kwa hiyo, akina mama, chama kikikutana wiki hii, kila mmoja ataje kazi alizofanya jana tangu alfajiri, na msichana wa kazi naye apewe nafasi. Ziandikeni. Kisha jiulizeni: kazi hizi zinamnufaisha nani, na hati miliki ina jina la nani?