Fulana Nyeusi na Dhana Mbaya

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini wa Kibondo baada ya swala ya Alasiri, na kurudiwa Kasulu)

  

Ndugu zetu katika imani, mada tuliyoombwa kuizungumzia leo ni malezi ya vijana. Tumewaomba wenyeji wetu ruhusa ya kuifupisha, tuzungumze juu ya kijana mmoja tu. Wengi wenu hapa Kibondo mnamfahamu, na sisi wenyewe tuna deni kwake.

Kijana huyu ni fundi simu. Miaka kadhaa iliyopita alinunua sokoni memori kadi iliyokwisha kutumika, na ndani yake akakuta nyimbo za Kizungu za magitaa mazito na ngoma za kasi, aina iitwayo hevi metali. Zikampendeza. Tangu hapo ndizo anazozisikiliza kwa hedifoni akiwa kazini, na kila robota la mitumba linapofunguliwa huchagua fulana nyeusi zenye majina ya bendi hizo, nyingine zikiwa na picha ya fuvu. Wakulima wengi wa maharage wamezivaa fulana kama hizo shambani bila kujua zimeandikwa nini, wala hakuna aliyewauliza. Kosa la kijana huyu ni kwamba yeye anajua.

Basi tumemtendeaje? Watoto humkimbia njiani wakipiga kelele, “Frimasoni!” Mzee mmoja alimwondoa mjukuu wake katika safu asisimame bega kwa bega naye. Mteja mmoja alichukua simu yake kabla haijatengenezwa, akasema haipendi mikono ile. Yote hayo yametendwa na watu wanaoswali swala tano.

Tusifahamike vibaya. Hukumu ya ala za muziki wanachuoni wamekwisha kuieleza, na rai yetu ni ile ya jamhuri yao; hatukuja hapa kuhalalisha gitaa. Lakini tunauliza: katika harusi zetu taarabu hupigwa mpaka usiku wa manane, na ndani ya mabasi ya Nyakanazi bongo fleva husikika mwanzo wa safari hadi mwisho. Ni nani katika wasikilizaji wa nyimbo hizo aliyewahi kutengwa katika safu? Ikiwa hukumu ni moja, kwa nini mmoja aambiwe ana udhaifu wa imani, na mwingine aambiwe anamwabudu Iblisi? Kinachotutisha basi si muziki. Ni ugeni wake na rangi ya nguo.

Neno hili Frimasoni nalo lina historia kwetu. Mwaka 2012, alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, nchi nzima ilijaa uvumi, na kila msanii aliyenunua gari alidaiwa kuwa ameuza roho yake. Wakati huohuo Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa Frimasoni katika Afrika Mashariki, alikuwa akiishi Dar es Salaam na kujitambulisha hadharani kwa cheo hicho. Aliyekuwa mwanachama kweli alisema mwenyewe mchana kweupe. Waliozushiwa ni waliokuwa hawana habari.

Tulipomuuliza kijana kuhusu ile ishara ya vidole viwili iliyochorwa katika moja ya fulana zake, kidole cha shahada na kidole cha mwisho vikiwa juu, alitueleza tuliyokuwa hatuyajui, na baadaye tukahakikisha kuwa ni kweli. Aliyeieneza ni mwimbaji Ronnie James Dio, alipojiunga na bendi ya Black Sabbath mwaka 1979, na mwenyewe alisema kuwa alijifunza kwa bibi yake, Mtaliano, aliyeitumia kujikinga na kijicho. Kwa hiyo ni hirizi ya vidole! Sisi tunaopiga vita hirizi tuna la kusema juu ya jambo hilo, na tulimwambia palepale. Lakini itikadi hiyo ni ileile ya bibi zetu wa Heru na Makere waliokuwa wakimfunga mtoto mchanga kamba nyeusi mkononi, na hakuna aliyesema kuwa bibi zetu walimwabudu shetani.

Akatueleza pia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1968. Mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi zisimuumize. Sauti ikawa nzito. Kijana alitusimulia hayo huku akichomelea waya mwembamba kuliko unywele, nasi tukaona kwamba anachokipenda zaidi huenda ni ule ufundi.

Ndugu zetu, dhana ya namna hii ikipata nguvu ya dola huwa balaa. Wenzetu wa nchi za Kiarabu, ambako sisi tumesomea, wameyapitia. Misri, mwezi Januari 1997, polisi waliingia majumbani usiku na kuwakamata makumi ya vijana kwa tuhuma ya kumwabudu shetani. Vielelezo vilikuwa kanda, picha za ukutani na fulana nyeusi. Magazeti yakaandika habari za karamu za damu katika kasri la zamani la Baron Empain jijini Kairo. Baada ya majuma kadhaa ya kizuizini vijana wakaachiwa bila kushitakiwa, lakini majina yao yalikuwa yamekwisha kuchafuka.

Moroko, mwaka 2003, wanamuziki na mashabiki 14 walihukumiwa vifungo mjini Casablanca kwa mashitaka ya kuitikisa imani ya Waislamu. Hakimu alishangazwa na fulana yao nyeusi yenye mafuvu, akaona kwamba mtu wa kawaida huenda kwenye tumbuizo kwa suti na tai. (Suti na tai, ndugu zangu, ndiyo ikawa alama ya imani!) Watu wakaandamana, na katika rufaa 11 kati yao wakafutiwa hatia. Hukumu ya kwanza ilitoka mwezi Machi. Tarehe 16 Mei mwaka uleule, mabomu ya kujitoa mhanga yalilipuka katika mji huohuo wa Casablanca na kuua watu zaidi ya 30 wasio na hatia. Waliolipua hawakuwa wapiga magitaa. Macho yaliyokuwa yakikagua mafuvu ya fulana yalikuwa yanatazama upande usiokuwa na hatari.

Wala tusidhani kuwa Wazungu wamesalimika. Huko Arkansas, Marekani, watoto watatu waliuawa mwaka 1993. Mwaka uliofuata vijana watatu wakatiwa hatiani, na mmoja wao, Damien Echols, akahukumiwa kifo. Nguo zake nyeusi na mapenzi yake kwa muziki huu vilitajwa mahakamani kana kwamba ni alama za kisu. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa baadaye havikuwaonesha wao. Waliachiwa mwaka 2011, baada ya miaka 18, kwa mapatano ambayo hata hivyo hayakuwatangaza rasmi kuwa hawana hatia.

Sisi watu wa nyanda hizi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mwaka 1997 jeshi lilipowakusanya waliodhaniwa kuwa wakimbizi wanaoishi nje ya kambi, zilitenganishwa familia zilizokwisha kuchanganya damu kwa miaka mingi. Na mpaka Mha aliyezaliwa hapahapa anajua maana ya kusimamishwa kizuizini kwa sababu tu Kiha chake kinafanana na Kirundi. Tulipodhaniwa sisi, tulilia dhulma. Sasa fulana imekuwa kizuizi chetu wenyewe.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (s.w.) ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote katika aya moja, maana moja huzaa jingine. Usama bin Zayd (r.a.) alipomuua vitani mtu aliyetamka shahada, akidai kuwa aliitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Usama alikuwa na hoja yenye uzito kuliko yetu: ya kwake ilikuwa upanga, yetu ni fulana ya mtumba.

Sasa tufike kwenye deni. Mwezi wa Shaabani kijana huyu alipeleka posa Kasulu. Wali wa binti, mtu mwema na mwenye hadhari, alituma watu watuulize sisi, kwa kuwa tunafundisha huku na kule. Nasi tukajibu, “Hatumjui vizuri.” Posa ikarudishwa.

Lakini tulikuwa tunamjua. Mara mbili alitutengenezea kipaza sauti cha madrasa akakataa malipo. Tulikula nyumbani kwake, tukamwona akimnawisha mikono mama yake asiyeona. Tunajua ana hasira za haraka, na kwamba anasema muziki ule humtuliza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachunguza wasikilizaji 39 wa muziki wa aina hiyo, wakaona kuwa haukuwaongezea hasira waliyokuwa nayo. Sisi tulimtajia dawa ya udhu, akasema hutumia zote mbili. Hayo yote tuliyajua, tukanyamaza kwa kuogopa kuambiwa kuwa mwalimu wa madrasa anamtetea Frimasoni.

Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka Mtume (s.a.w.) ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, alimweleza kila mmoja kwa anayoyajua, aibu iliyokuwapo akaitaja. Wanachuoni wakachukua hapo kuwa anayeulizwa katika ndoa amebeba amana: aseme alilolijua, zuri na baya, si alilolisikia. Sisi tuliificha amana, na kijana amelipa gharama.

Tumekwisha kumwomba radhi. Hakujibu kitu, aliendelea na kazi yake. Kwa wali wa binti tumetuma ujumbe, naye amekubali kutusikiliza Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, nyumbani kwake Kasulu. Tutasema tunayoyajua, pamoja na hasira zake na muziki wake. Kama kuna miongoni mwenu mwenye jambo aliloliona kwa macho yake, zuri au baya, afuatane nasi. Gari litaondoka hapa msikitini baada ya Alfajiri.